Risiti ya Kufuli

Lilikuwa la mwisho kwenye boksi, la shaba,
milimita sitini. Mtendaji akalipa elfu kumi na nne
bila kuomba nimpunguzie,
akataka risiti: "Andika Ofisi ya Kata."
Nikaandika. Mimi ni Mrangi wa dukani, Kibaigwa,
nauza misumari, bati, makomeo, sumu ya panya;
mteja simwulizi anakwenda kufunga nini.

Ijumaa, nikitoka msikitini kwa njia ya mashine za alizeti,
nikaliona.
Limening'inia mlangoni kwa akina Sechelela,
kwenye ile tembe wanamosalia Wagogo kumi na wanane
wasio na askofu wala kinanda,
wanaofunga siku tatu kuombea mvua
na kuwaosha wageni miguu kwenye karai.
Juu yake karatasi yenye muhuri:
IBADA ISIYOTAMBULIWA.

Isiyotambuliwa na nani?
Sikuuliza kwa sauti. Nina leseni ya biashara,
na leseni husainiwa meza ileile.

Niseme kweli: sikuwapenda.
Ngoma yao ya Jumapili huniingilia hadi chumbani.
Makelele, nilishasema, tena mbele za watu.
Lakini usiku ule nikifunga duka gizani
mkono uligusa komeo, nikakumbuka
nani aliyeuza komeo la msikiti.
Mimi. Kipimo kilekile.
Kufuli lile lingeingia bila kulazimishwa.

Siku ya kesi nikapanda basi hadi Dodoma mjini,
nakala ya risiti nimeikunja ndani ya kofia.
Wakili wa serikali akaniuliza, "Wewe ni muumini wao?"
"Hapana."
"Sasa yanakuhusu nini?"
Nikasema, kufuli nimeliuza mimi.
Watu wakacheka. Jaji hakucheka, aliandika.

Miezi minne baadaye akaisoma ibara ya kumi na tisa
polepole, kama mtu anayehesabu chenji:
imani ni hiari ya mtu,
na uendeshaji wa jumuiya za dini uko
nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.
Kelele, akasema, zina sheria yake na saa zake.
Kupima Mungu wa nani ndiye, hiyo si kazi ya kata.

Nje.
Neno ninalowaambia mbuzi wakinusa magunia yangu.
Sikujua kwamba hata serikali
yaweza kuambiwa.

Ufunguo, ofisini walisema, umepotea.
Nikalikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma,
dakika ishirini, jasho, shaba haikatiki kwa maneno.
Sechelela akaleta karai, akaniambia nivue viatu.
Nikamwambia, mama, nina udhu wangu.
Akacheka, akaliacha palepale kizingitini,
maji yakitulia na vumbi la Agosti juu yake.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, ngoma ikaanza.
Nikavuta blanketi masikioni,
nikalaani kidogo,
nikalala.