Kangomba ya Pumzi

Saa yangu ya kuhesabia ina ufa kwenye kioo,
niliachiwa na mwalimu aliyestaafu, akarudi Kitangari.
Jumatatu, uwanja wa shule, vumbi jekundu la Newala,
nikaandika juu ya ukurasa: Pumzi kwa dakika.

Wa kwanza Chinguile, mita mia.
Nilidhani angehema akikimbia. Wapi!
Alipita kama jiwe la manati, kinywa kimefumba,
akavuka mstari wa chokaa, akasimama,
ndipo pumzi zikamjia zote kwa pamoja, kama wadai
waliosikia kwamba mtu ameuza korosho.
Hamsini na mbili. Ameinama, mikono magotini,
analipa, analipa.
Nikasema moyoni: hii ni kangomba.
Mwili umekula fedha kabla ua halijawa tunda,
sasa mavuno yanapimwa kwa bakuli la mwenye bakuli.

Esha Lichanda ni wa mbio ndefu,
hadi njia panda ya Mkunya na kurudi.
Yeye hana deni. Hulipa palepale, senti kwa hatua:
hatua tatu anavuta, tatu anatoa,
penye mwinuko mbili, mbili.
Alinipita karibu, nikasikia pua yake inafanya kazi
kama cherehani ya fundi asiye na haraka.
Hata dakika nne hazijaisha tangu afike,
anauliza kama leo kuna ugali wa muhogo.

Jumatano nikaenda ghalani kwa shemeji Mpelumbe, mpakiaji.
Gunia la kilo themanini lina sheria yake.
Anavuta moja, anaifungia ndani,
mlango, komeo, kufuli,
mishipa ya shingo inatoka nje kuulizia habari,
gunia linapanda, linakaa begani,
hhh! na ghala zima linasikia kufuli likifunguka.
"Shemeji, unabana pumzi. Presha hiyo."
"Nikiiachia mapema," akasema, "mgongo utabaki na nani?"
Sikuandika kitu.

Nyumbani mke wangu na mdogo wake wanatwanga.
Mchi ukipanda, anavuta. Ukishuka, hm.
Wawili, kinu kimoja, na hawavuti pamoja hata mara moja.
Nilijaribu kuhesabu, nikajikuta ninahema
kwa zamu ya mtu wa tatu.

Alhamisi, bomba limekauka siku ya tano,
nikafuatana na wanawake hadi bondeni.
Kurudi nilikuwa nyuma ya Binti Nalinga,
ndoo ya lita ishirini kichwani, mikono haishiki.
"Yule bwana wa salfa, mwalimu,
alikuja kwangu mwezi wa sita na daftari kama hilo lako,
akaandika mifuko mitano, nikaweka dole gumba,
ikaja mitatu, tena mmoja umeloa,
basi nikamfuata hukohuko ofisini kwake."

Njia ikainuka.

"Nikamwambia, bwana,
mimi sikusoma,
lakini kuhesabu
najua."

Njia ikasimama wima.

"Akacheka.
Nami
nikavua…"

Kimya. Kokoto tu chini ya nyayo,
na pumzi: inaingia puani,
inatoka kwa midomo iliyochongoka
kama anayepuliza uji wa mtoto.
Maji ndoani hayakutikisika.
Alivua nini? Kandambili?
Mia moja na kumi, mia moja na ishirini, nikapoteza hesabu.

Juu kabisa akatua ndoo.
Mabega yakapanda, yakashuka, yakapanda.
Hapo ndipo nilipotakiwa kubonyeza saa.
Nilikuwa nimesimama, pumzi nimeibana
kama Mpelumbe chini ya gunia.

"…kanga ya juu," akasema,
"nikaitandika juu ya makaratasi yake, nikakalia.
Mifuko ikaletwa."

Ndipo nami nikaiachia yangu.

Mbele ya jina la Binti Nalinga daftarini hakuna namba.
Pembeni, kwa penseli, nimeandika:
mitano, imetimia.