Herufi ya Õie

Miaka kumi na minane tovuti yangu ilikuwa jiko lisilozimwa.
Kila aliyebisha, hata saa tisa za usiku,
hata asiyekuwa mtu bali mashine inayochungulia,
seva iliamka, ikafungua hifadhidata,
ikachota, ikakaanga, ikapakua sahani moja,
kisha ikasahau.

Na wageni walikuwa wangapi? Kumi na mmoja kwa siku.
Watano kati yao, nadhani, ni mimi.

Mimi ni fundi wa piano, hapa Viljandi.
Kila niliyoisawazisha niliipa ukurasa wake:
mwaka iliotoka kiwandani, hali ya nyuzi,
nani anaipiga, nani aliiacha,
panya alizalia wapi.
Kurasa mia tatu na kumi na mbili.

Novemba, mtu nisiyemjua akaingia kwa mlango wa nyuma
akabandika matangazo ya vidonge vya nguvu za kiume
chini ya piano ya kanisa.
Mchungaji alinipigia simu. Hakucheka.
Mimi nilingoja akate.

Tanel, mtoto wa kaka yangu, akasema:
Shangazi, pika mara moja.
Andika maandishi matupu, faili moja kwa piano moja.
Jenereta itaoka zote kwa mkupuo;
mezani itabaki mikate tu,
hakuna jiko, hakuna mlango wa nyuma.
Ukisahihisha neno, sukuma.
Roboti itajenga, roboti itapeleka.
Wewe lala.

Kuhama hukuonyesha vikorokoro vyako.
Jumamosi tatu, theluji ikipanda dirishani,
tarehe zilinijia kichwa chini miguu juu,
picha zikaja bila majina,
na Õ, herufi yetu yenye wimbi kichwani,
sauti ya mtu aliyekumbuka jambo katikati ya kumeza,
ilivunjika njiani.
Palipokuwa na jina la Õie
palikuwa na A iliyovaa wimbi lisilo lake
na kidoti cheusi, kama tone la wino.

Niliandika amri ya mstari mmoja iziponye zote.
Iliponya herufi ndogo. Kubwa ikabaki.
Mara kumi na tisa, basi, kwa mkono,
Õie, Õie,
aliyenipigia kila Oktoba stovu zikiwashwa,
mbao zikinywea, nyuzi zikishuka:
“Virve, imeanza tena kuongea puani.”

Jumapili usiku nikasukuma.
Alama nyekundu.
Faili ya mia moja na nne, mstari wa tatu:
nukta pacha haina nafasi baada yake.
Nafasi! Utupu wa upana wa punje,
na jengo zima limegoma.
Sikuikasirikia roboti. Mimi pia
nimewahi kukataa kufunga mfuniko kwa sababu ya uzi mmoja.
Nikaweka utupu mahali pake.
Sekunde arobaini na moja.
Kijani.

Sasa kurasa zimetulia, mgeni aje asije.
Hata wa siku ya tatu hapewi jembe; hakuna shamba.
Hilo ndilo linanisumbua kidogo.
Sijawahi kugusa kitu kikabaki nilivyokiacha.
Piano huanza kuteleza
kabla sijafika getini.

Asubuhi nikafungua faili ya Õie, nikaongeza:
*Januari, warithi waliipasua kuni.
Ninazo nyundo mbili na kibao cha La ya kati.*
Nikasukuma. Roboti haikuuliza kitu.
Ilijenga kurasa zote mia tatu na kumi na mbili upya
kwa ajili ya sentensi hizo mbili.

Nikavaa buti.
Shule ya msingi wananingoja:
mtoto kamwaga juisi ya blakikaranti kwenye oktava ya chini,
na mwalimu anaapa
kwamba sauti imekuwa nzuri zaidi.