Kwanza, Kuanguka

Mwalimu Zawena Kihiyo ni muuguzi wa mifupa, Bombo.
Mchana kutwa huwafunga plasta walioanguka vibaya;
jioni hutufundisha
kuanguka vizuri,
katika godauni lililokuwa la mkonge, nyuma ya stesheni,
ambalo vumbi lake bado linakohoza watu.

Mikeka yetu ni magodoro yaliyochoka, yameshonewa turubai.
Mkanda wangu mweupe ulikuwa pazia.
Siku ile tulikuwa saba, na wa saba ni mimi,
kuli wa saruji, shingo kama gogo la mvule,
nimekuja kujifunza kupiga.

"Hapa hatupigi," akasema.
"Ai, kupatana. Ki, pumzi. Do, njia. Semeni."
Tukasema. Lakini kwetu ai
ni sauti ya aliyekanyaga mwiba,
na hiyo ndiyo niliyoielewa wiki tatu za mwanzo.

Hata ukemi, neno lao la kuanguka,
nilidhani ni letu, mtoto wa kukemea.
Kumbe sivyo. Kumbe ndivyo:
sakafu hukemea kila kilichokakamaa,
kiwiko kwanza, kisha bega, kisha kiburi.
"Kidevu kifuani. Tazama kitovu chako.
Viringika kama nazi, usidondoke kama tofali."
Nikadondoka kama tofali.
Mwanamvua, binti wa darasa la sita,
akaviringika kando yangu, akasimama,
wala hakucheka.
Kule kutocheka ndiko kulikoniuma.

Halafu kushikwa.
"Nishike kifundo. Kaza. Kaza kama unadai."
Mkono wenyewe mwembamba kama mwiko.
Hakuvuta. Mwenye kuvuta, alisema, amekubali kuwa kamba.
Akageuka tu, mguu mmoja nyuma, kiuno kikafuata,
mara tukawa bega kwa bega
tunatazama upande mmoja, mlangoni,
mimi bado nimekamata mkono
nisiojua tena ni wa kazi gani.
"Unaona ninachoona?"
Niliona baiskeli zetu zimeegemeana.
"Basi. Hapo ndipo pa kuanzia."

Na akikunja turubai:
"Nguvu ni kama wageni wa mji huu,
waja leo, waondoka leo.
Ugomvi ni kuwafungia mlango wakiwa ndani."
Sikuelewa. Niliandika nyuma ya risiti ya saruji.

Mei, masika yamekolea,
kaka yangu Mbaruku akaja Barabara ya Kumi na Nne
na bahasha ya kaki,
na nyumba ya mama ndani ya bahasha.
Barazani akanishika mkono, palepale pa mazoezini,
akakaza kama anadai. Na kweli anadai.
Bega langu lilikwisha kuanza kujibu, nalijua,
hujibu kabla halijaulizwa.
Nikapumua hadi kitovuni.
Mguu mmoja nyuma.
Haikuwa nzuri, Zawena angeshika kichwa,
kandambili moja ilibaki nilikotoka.
Lakini tukajikuta ubavu kwa ubavu, tumeuelekea mlango,
yeye bado kanishika,
na maji yanateremka ukutani chumbani kwa mama
hadi kwenye msumari wa kanga zake.

"Linavuja," akasema.
"Tangu Machi."
"Na hukusema?"
Hukuuliza, nilitaka kumjibu. Nikalimeza,
na kulimeza nako ni kuanguka kwa namna yake.

Bahasha ingali juu ya kabati. Hatujapatana,
mtu asikudanganye kwamba kiuno kikigeuka
na hati hugeuka.
Lakini Jumapili alikuja na ngazi na bati moja.
Mimi nikashika chini.
Kisigino chake kilipokuwa kinapapasa kidato cha juu
nikajisikia nasema, kwa sauti ya mwalimu:
"Kidevu kifuani, kaka. Likitokea la kutokea,
kidevu kifuani."