Sanduku la Pili

Nilifika Novemba, siku ambayo jua
liliaga kaskazini likafunga mlango nyuma yake.
Basi likanishusha mbele ya kiwanda cha zamani cha samaki,
chumvi bado imeganda ukutani,
na juu ya lango, msalaba wa mbao za makasha.
Masanduku mawili. Torbjørg akayatazama,
akalibeba lile zito, hakuuliza.

Walinipa chumba namba tisa,
aproni, na ratiba:
kengele saa kumi na mbili, zaburi, uji,
kisha viazi.
Mimi nilitaka Mungu. Nikapewa viazi.

"Saa kumi na mbili ya nini?" nilimuuliza Eilif,
mahali ambapo hakupambazuki,
mchana ni mstari wa buluu juu ya mlima
halafu basi.
"Ya kengele," akajibu, akaivuta kamba.

Niseme wazi: sikuja kama mtakatifu.
Nilikuja kwa sababu kule Trondheim, karakanani mwangu,
nilikuwa nimetengeneza vinywa elfu tatu,
vya kutabasamu, vya kung'ata tofaa,
na changu, usiku, nikikifungua kusali
hakitoki kitu.

Wavuvi wa Galilaya waliacha nyavu ufukweni.
Mimi zangu nilizikunja vizuri:
patasi ndogo, nta, resini ya waridi, taa ya spiriti,
nikazifungia katika sanduku la pili
chini ya kitanda,
pamoja na nauli ya kurudi.
Kila usiku nililigusa kwa kisigino.
Lipo.

Ragnfrid alikohoa katikati ya kila ukimya.
Nilimchukia kwa unyenyekevu mkubwa.
Nilisali aache; akaendelea.
Alipougua kweli, akalazwa chumba cha juu,
kanisa likatulia kama nilivyoomba,
nami sikupata hata neno moja
bila kile kikohozi cha kuegemea.

Alhamisi ni zamu ya gatini.
Tunawapelekea supu wapasua samaki wa usiku,
watu wa Lithuania, mikono imevimba kwa barafu.
Nilikuwa nimejiandalia ushuhuda:
dakika nne, mistari mitatu ya Maandiko.
Vytenis hakunywa supu. Alifungua leso:
meno yake ya juu, yamepasuka katikati.
Siku kumi na moja anameza mkate uliolowa,
anacheka akiziba mdomo.
Hakujua mimi ni nani.
Alimwonyesha tu mtu aliyesimama karibu.

Ushuhuda ukanikauka.
Nikasema, "Nisubiri."

Nilipanda ngazi, nikapiga magoti
kando ya kitanda, kwa mara ya kwanza
bila kuamriwa na kengele,
nikalivuta sanduku.

Tulifanya kazi jikoni, juu ya meza ya viazi.
Torbjørg alishika taa. Resini ikashika,
nikaupiga msasa ukingo hadi ulimi wangu
ukaridhika kwa niaba ya ulimi wake.
Nadhani nilikuwa nasali. Sina hakika.
Midomo yangu ilikuwa imefungwa,
imebana waya.

Akayavaa. Akang'ata karoti mbichi,
na ule mlio, kah!, ukajaza jiko.
Juu, Ragnfrid akakohoa.
Hakuna aliyesema amina.

Nauli bado ninayo, sitadanganya.
Ila sanduku liko ghalani, wazi, lina vitunguu.
Na Januari, jua lilipochungulia
jembamba kama ukucha nyuma ya mlima,
tulitoka wote thelujini na aproni zetu,
nami machozi yananitoka, natafuta zaburi
ya kulipokea,
Torbjørg akanivuta mkono:
"Viazi vinaungua. Ni zamu yako."