Kila Kitu Kimelipiwa

Saa kumi alfajiri trekta linazoa mwani ufukweni,
taa zimezimwa nusu,
ili wageni wakiamka waikute bahari
kama walivyoiona pichani.
Mimi nimeshashuka basi la Verón,
nimefungua begi mbele ya Wilkin wa getini.
Ameona kitana, wali na maharage,
soksi za akiba. Pita.

Nina vyumba kumi na sita.
Kanuni ya ghorofa yetu ni fupi:
wageni wawili, mabata maji wawili wa taulo,
midomo igusane, shingo zichore moyo;
mgeni mmoja, bata mmoja, atazame mlango.
Karatasi ya 2114 ilisema wawili.
Nikakunja wawili,
nikawapa macho ya punje za kahawa.

Kesho yake namkuta mmoja kalazwa
upande wa dirishani, shuka hadi kifuani,
na mwenzake yuko mezani
anaangalia televisheni iliyozimwa.
Nikacheka peke yangu. Mzee ana utani.

Mzee ni Réjean, wa Trois-Rivières,
kule theluji hupanda hadi vioo vya magari.
Ana kanda mbili, na si kandambili za miguuni:
ukanda wa buluu mkono huu, ukanda wa buluu mkono ule.
Rosendo wa baa alidhani ni ujanja
wa kunywa mara mbili. Ujanja gani?
Hapa mwenye mmoja hunywa
mpaka kiti kimkatae.
Huagiza glasi mbili za nazi.
Moja huinywa polepole.
Ya pili huisogeza mbele ya kiti kitupu,
na barafu ikiyeyuka huomba ibadilishwe.
Rosendo hubadilisha. Haandiki popote.
Kila kitu kimelipiwa.

Siku ya nne nilimkuta ndani,
amekaa kitandani na soksi za sufu
katika joto hili.
Kihispania chake ni cha kuokoteza,
Kifaransa changu nimekiazima
kwa jirani yangu wa Haiti, nacho kina viraka;
tukakutana katikati ya njia.
Ghislaine ndiye aliyeichagua hoteli, mwezi wa tisa.
Alichagua ghorofa. Alichagua na upande wa kitanda.
Januari akafa.
Kampuni ikajibu kwa adabu: pesa hazirudi,
tarehe ni ileile.
"Basi nimekuja kummalizia," akasema,
kama anazungumzia sahani ya mwenzake.

Sikupata neno.
Nikamuuliza kama taulo zinatosha.

Mume wangu alipokufa, Higüey,
sisi pia tulilipia kila kitu:
glavu, sindano, feni ya kukodi,
hata shuka la kumfunika.
Sikumwambia. Nani hushindanisha maiti?
Ila siku hiyo nilikawia kwenye bafu lake,
nikasugua bomba ambalo halikuwa na doa.

Jumamosi mapokezi hukata kanda
kwa mkasi wenye mpini mwekundu.
Wanasema alinyoosha mkono mmoja tu.
Wa pili nimeukuta 2114,
shingoni mwa bata wa dirishani,
umekatwa kwa meno, ukafungwa upya kwa uzi.
Chini yake dola tano
na punje moja ya kahawa iliyodondoka.

Shuka zote zishuke kabla ya saa tano.
Wageni wapya wanaingia saa tisa.
Nikamkunjua bata, shingo yake bado baridi
kwa hewa ya kiyoyozi,
nikamtupa kwenye toroli pamoja na wengine.
Dola Wilkin ataziona, hazina neno, ni bakshishi.
Ukanda ni mali ya hoteli.

Nikaufunga kwenye kifundo cha mguu, chini ya soksi.
Geti likafunguka. Dakika arobaini,
viti vimejaa harufu ya klorini na usingizi,
nilikuwa mtu ambaye kila kitu chake kimelipiwa.
Kisha nikashuka,
nikamgongea Doña Ercilia dirisha la duka,
nikachukua mayai sita kwa mkopo.