Ruta Ndani ya Mfuko wa Mkate

Saa tatu usiku kamili, mume wangu Zbyszek
huchomoa ruta ukutani, huizungushia waya shingoni
kama anayemfunga kuku wa kuuza,
huitia kwenye mfuko wa kesho, kati ya mkate na soseji.
Alfajiri huondoka nayo kiwandani.
Nowa Huta nzima, nadhani, hakuna mwingine
anayeivusha intaneti kwenye theluji
akiwa ameibana kwapani.

"Udongo uwahi ungali maji," husema.
Yeye alifinyangwa kwa mkanda.
Akivua shati, bado hugeukia ukuta.

Mimi ni wa mkono mwingine.
Tymon alipotimiza kumi na mitano, akanuna wiki nzima,
nilimnunulia bando kwa siri.
Kusema kweli nilinunua kimya,
na kimya nacho huisha kabla ya mwezi.
Mchelea mwana kulia…
najua, najua mstari unavyoishia.
Nimeumalizia mara nyingi peke yangu
katika kijichumba cha dereva, tramu ya usiku,
vifuta kioo vikinisaidia.

Lakini niwaambie ninachokiona kwenye kioo cha nyuma:
watu wazima arobaini, nyuso za buluu, vichwa chini,
kama kanisani, ila hakuna anayeitikia amina.
Kituo kinapita, mmoja anashtuka, anapiga mlango.
Huyo ana ndevu. Nani amchomolee ruta?

Januari, mwalimu wake Bi Wąsik alituita,
akatupa karatasi: wazazi wakali, wazazi walegevu,
wazazi wa kiasi. Tia alama panapokuhusu.
Zbyszek akatia kwenye kiasi.
Nami nikatia hapo hapo.
Tukatazamana, tukacheka mara ya kwanza tangu Krismasi,
kisha tukagombana njia nzima hadi nyumbani.

Usiku ule nilitoka zamu saa kumi.
Taa ya ngazi, ghorofa ya tatu, iliungua tangu vuli,
ila palikuwa na kimwanga, na pumzi inayofuka.
Tymon. Blanketi la sofa. Soksi za baba yake.
Amekaa mlangoni pa Bi Halszka, ambaye nenosiri lake
ni jina la paka wake aliyekufa,
na jengo zima linalijua.

Nilikuwa na maneno tayari, ya Zbyszek, ya kuazima.
"Nionyeshe," nikasema badala yake, nikakaa kwenye saruji.
Aliziba simu kwa kiganja. Kisha akakiondoa.
Ramani ya mji. Reli. Nukta ndogo nyekundu
imesimama bohari, haisogei.
"Hii ni wewe," akasema. "Ukishaegesha,
dakika ishirini na mbili unafika. Leo umechelewa saba."

Sitaki kumpamba. Nyuma ya ramani kulikuwa na vita,
watu wasio na sura wakimwita kwa jina nisilompa mimi:
saa sita za vita, dakika chache za nukta.
Nilimwuliza. Hakukana.
Shule ilikuwa saa tatu mbele yetu.

"Ijumaa panda nami mzunguko wa mwisho," nikamwambia,
"kiti cha nyuma yangu."
Akafikiri kama mtu aliyeletewa posa.
"Kuna pa kuchajia?"
"Hapana."
"Nitaona," akasema,
na kwetu hilo bado si kukataa.

Saa kumi na moja mlango wetu ulifunguka ghorofa ya juu.
Zbyszek akashuka na mfuko, akatukuta,
ruta ikichungulia kando ya mkate.
Nilisubiri ngurumo.
Alitoa kisu cha mfukoni, akauegemeza mkate kifuani,
akaukata pale pale, gizani, vipande vitatu,
na havikulingana.