Mita Tatu, Uyoma

Tunaingia kinyumenyume, mimi na Adero,
visigino vikitangulia, mapezi yakichapa tope,
mtungi wa hewa umening'ang'ania mgongoni
kama mtoto mkaidi asiyetaka kushuka.
Wanaofua nguo wanacheka: "Bata hao!"
Kisha maji yanaufunga mlango wa sauti.

Mita tatu tu. Kijani. Mkono wangu
nauona mpaka kwenye saa, basi.
Mwamba unanijia wenyewe usoni,
una sponji, una konokono,
una baridi ya jana usiku.
Adero anahesabu furu kwenye kibao chake,
mstari baada ya mstari,
kama mwenye duka anayeandika madeni.

Mimi nahesabu vyetu:
kijiko. Kandambili ya kushoto. Kisahani cha sabuni.
Na hapo, kati ya mawe mawili, sufuria,
ile yenye ukingo uliopinda,
iliyoniponyoka nikiwa darasa la tatu
nikalala bila ugali, na viboko juu yake.

Ndani yake furu jike, mashavu yamemjaa.
Nammulika. Anafumbua kinywa kidogo:
watoto, wembamba kama punje za wimbi,
wanachungulia,
wanarudi. Kinywa kinafumbwa.

Nilishanyoosha mkono. Naurudisha.

Ufukweni mama ananingoja na leso,
povu la sabuni limemvisha soksi.
"Mmeona nini huko?"
Mawe, nasema.
Anayatazama maji kitambo.
"Na sufuria yangu?"